Matthew Henson, karani wa duka la nguo aliyemfunza mwalimu safari ya barafu

Hapa Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St Balikuddembe, koti zito halina msimu. Jua likiwa kali juu ya Nakivubo, utamkuta mtu amejifunga jaketi la manyoya hadi kidevuni, anajitazama kwenye kipande cha kioo huku jasho likimtiririka. Huyo ana safari ya nchi za baridi. Karibu naye huenda yupo mwingine aliyerejea kutoka huko, naye ameleta koti lake kuliuza kwa kuwa hana haja nalo tena.

Mimi huuza nguo hizi za mtumba, na maswali ya wateja nayajua. Lakini majuzi nilipata swali jipya. Mwalimu mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, katika safari ya masomo, alitaka kujua ni koti lipi kati ya yangu linaloweza kuhimili baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Nilimjibu kwamba swali hilo lilijibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na mtu aliyeanza kama mimi, akipanga bidhaa kwenye rafu za duka. Alikuwa mtu mweusi, akaenda Aktiki mara kadhaa, akajifunza baridi kutoka kwa wenyeji wake, kisha akawa mwalimu wa walimu. Jina lake ni Matthew Henson.

Maisha yake yanafaa kusimuliwa sokoni kwa sababu yanawahusu watu wawili ninaokutana nao kila siku: yule anayevuka mpaka kwenda kutafuta, na yule anayerejea na kukuta kazi aliyoifanya huko haitambuliwi na mtu.

Henson alizaliwa Agosti 8, 1866, katika wilaya ya Charles, jimbo la Maryland nchini Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokomesha utumwa nchini humo vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu uliotangulia. Wazazi wake hawakuwa watumwa bali wakulima maskini waliolima mashamba ya wengine na kugawana mavuno na wenye ardhi. Aliwapoteza wote wawili akiwa bado mdogo, akalelewa kwa muda na jamaa zake mjini Washington.

Alipofika umri wa miaka 12 hivi, alikwenda bandari ya Baltimore na kuajiriwa kuwa boi wa melini katika meli ya biashara iliyoitwa Katie Hines. Nahodha wake, Kapteni Childs, ndiye aliyekuwa shule yake. Melini humo Henson alifundishwa kusoma, kuandika, hesabu na kazi za ubaharia, huku akipelekwa China, Japani, Ufilipino, Afrika Kaskazini na Bahari Nyeusi.

Nahodha huyo alipofariki, kijana alirudi nchi kavu akafanya vibarua vya hapa na pale. Hatimaye alipata kazi Washington katika duka la B. H. Stinemetz lililouza kofia na manyoya. Alikuwa karani wa stoo: kupokea mzigo, kuupanga na kujua kila kitu kilipo. Wauzaji wenzangu mnaijua kazi hiyo. Asiyejua kilicho ndani ya robota hawezi kuliuza.

Mwaka wa 1887 aliingia mteja dukani humo kutafuta kofia ya jua. Alikuwa Robert Peary, mhandisi wa jeshi la majini la Marekani, aliyekuwa akienda Nicaragua kupima njia ya mfereji wa meli. Peary alihitaji pia mtumishi, na mwenye duka akampendekeza Henson.

Kwa lugha ya Kampala, Henson alikwenda kyeyo. Neno hilo la Kiganda lina maana ya ufagio, na ndilo jina tulilowapa wote wanaokwenda ng'ambo kufanya kazi wanazopewa, ziwe za heshima au za kufagia. Henson alichukuliwa amtunze bwana mkubwa na nguo zake. Lakini huko Nicaragua ilionekana upesi kwamba mtumishi huyu alikuwa na kichwa na mikono ya fundi, akaingizwa katika kazi ya upimaji.

Peary alikuwa na ndoto nyingine. Alitaka kuwa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini, mahali ambapo mistari yote ya longitudo hukutana. Sisi tunaoishi jirani na Ikweta, tunaoivuka pale Kayabwe tukienda Masaka au mpaka wa Mutukula, tuko umbali wa takriban kilomita 10,000 kutoka ncha hiyo. Hakuna nchi kavu mahali hapo. Ni bahari iliyoganda, na barafu yake hutembea, hupasuka na kujirundika kama vifusi.

Mwaka wa 1891 Peary alimchukua Henson hadi Greenland kwa meli iliyoitwa Kite. Huo ulikuwa mwanzo wa safari zilizochukua miaka 18. Wazungu wengi walioandamana na Peary walikwenda mara moja au mbili, wakatosheka. Henson aliendelea kurudi.

Ni huko kaskazini mwa Greenland alikojifunza jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Wenyeji wa huko ni Wainuit. Wasafiri wengi kutoka Ulaya na Marekani waliwahesabu kuwa watu wa kutumwa tu. Henson alikaa nao, akala chakula chao, akajifunza lugha yao mpaka akaizungumza vizuri. Hao nao walimpenda wakampa jina lao, Mahri-Pahluk, linalofasiriwa kuwa Matthew aliye mpole.

Kutoka kwao alijifunza kuendesha sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloburutwa na mbwa juu ya theluji. Alijifunza kuitengeneza na kuikarabati katikati ya barafu vidole vikiwa vimekufa ganzi. Alijua kukata vipande vya theluji na kujenga nyumba ya kulala kabla upepo haujaua mtu.

Alijifunza pia mavazi, na hapa wenye biashara ya nguo tutege sikio. Mwinuit hakutegemea koti moja zito. Alivaa ngozi za wanyama kwa tabaka, manyoya ya vazi la ndani yakielekea mwilini na ya vazi la nje yakielekea upepo. Suruali ilikuwa ya dubu mweupe, viatu vya ngozi ya sili, na ndani ya kiatu mlikuwa na majani makavu ya kunyonya unyevu. Nguo zilikuwa pana kidogo ili hewa ya joto ikae ndani. Adui mkubwa katika baridi ile ni jasho, kwa maana nguo iliyolowa huganda mwilini.

Washonaji walikuwa wanawake wa Kiinuit, na uzi wao ulikuwa mishipa ya wanyama. Kila safari ya Peary ilitegemea sindano zao. Vitabu vya historia vimewasahau kuliko hata walivyomsahau Henson.

Elimu hiyo ilinunuliwa kwa bei kubwa. Mwaka wa 1895 Peary, Henson na kijana Hugh Lee walivuka uwanda wa barafu wa Greenland, wakaishiwa chakula na kulazimika kula mbwa wao. Walirejea wakiwa hoi, wamebakiwa na mbwa mmoja. Mwanzoni mwa 1899, gizani, katika kituo kilichohamwa cha Fort Conger, Peary aliganda miguu, akapoteza vidole vinane. Henson ndiye aliyemuuguza.

Si kila kilichofanywa na misafara hiyo ni cha kujivunia. Mwaka wa 1897 Peary aliondoa Greenland kimondo kikubwa cha chuma cha uzito wa takriban tani 31, ambacho kiliuzwa baadaye kwa jumba la makumbusho mjini New York. Wainuit walikuwa wakitengeneza visu kutokana na vimondo vya eneo hilo. Katika safari hiyo hiyo Wainuit sita walipelekwa New York, na wanne wakafariki kwa maradhi katika muda mfupi. Henson alikuwa mwajiriwa wa mtu aliyefanya hayo, na anayesimulia maisha yake hana budi kuyataja.

Walijaribu kufika nchani mwaka wa 1902 wakarudishwa na barafu. Mwaka wa 1906, wakiwa na meli mpya imara iliyoitwa Roosevelt, walirudishwa tena. Julai 1908 meli hiyo iliondoka New York kwa mara ya mwisho. Peary alikuwa na umri wa miaka 52 na Henson alikuwa akikaribia 42. Wote wawili walijua hakutakuwa na nafasi nyingine.

Miongoni mwa wageni wa safari hiyo alikuwamo mwalimu. Donald MacMillan, mzaliwa wa Provincetown, Massachusetts, alikuwa akifundisha hesabu na mazoezi ya viungo katika shule ya Worcester Academy. Kama Henson, alikuwa amewapoteza wazazi wake wote wawili utotoni. Baba yake alikuwa nahodha aliyepotea baharini. MacMillan alikuwa na shahada ya chuo kikuu cha Bowdoin, mwili wa mwanamichezo na hamu kubwa. Kitu alichokosa ni maarifa ya barafu.

Pamoja naye walikuwamo wageni wengine wawili, George Borup, kijana aliyetoka chuo kikuu cha Yale, na daktari John Goodsell. Mwalimu wao alikuwa Henson, mtu ambaye darasa lake lilikuwa meli ya mizigo na stoo ya duka.

Majira ya baridi ya 1908 hadi 1909, meli ikiwa imekwama kwenye barafu huko Cape Sheridan na jua likiwa halionekani kwa miezi, wasomi hao walijifunza kushika mjeledi, kufunga mbwa, kupakia sleji isipinduke na kujenga nyumba ya theluji. Henson mwenyewe aliunda sleji za safari. Wanawake wa Kiinuit melini walishona.

Nafikiri hapo ndipo penye fundisho kwa kila mwalimu anayejiandaa kwa safari ya aina hiyo. MacMillan hakuona haya kuwa mwanafunzi wa mtu ambaye nchi yake haikumruhusu kukaa naye meza moja katika hoteli nyingi. Miaka mingi baadaye aliandika waziwazi kwamba Henson alikuwa na manufaa zaidi kwa Peary kuliko wao wengine wote, kwa sababu ya lugha, ufundi na namna alivyowamudu mbwa.

Machi 1, 1909, msafara uliondoka Cape Columbia, ncha ya nchi kavu huko Kanada. Walikuwa wanaume 24, sleji 19 na mbwa 133. Mbele yao palikuwa na kilomita 765 hivi, zaidi kidogo ya safari ya Kampala hadi Nairobi, lakini juu ya bahari iliyoganda na katika baridi iliyoshuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri.

Mpango wa Peary ulikuwa kama wa wachuuzi wanaopokezana mzigo. Makundi yalitangulia kufungua njia na kubeba chakula, kisha moja baada ya jingine likageuka kurudi. Mwalimu MacMillan alirudishwa katikati ya Machi kwa sababu baridi ilikuwa imemharibu visigino. Aprili 1 aligeuka nahodha wa meli, Robert Bartlett, akiwa umbali wa siku chache tu kutoka nchani.

Walibaki sita: Peary, Henson na Wainuit wanne, ambao ni Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Peary, kwa miguu yake isiyo na vidole, alipanda sleji sehemu kubwa ya njia. Henson alikuwa mbele akifungua njia. Siku moja barafu iliteleza chini yake akatumbukia baharini. Ootah alimvuta akamtoa na kumsaidia kubadili viatu vilivyolowa. Bila mkono huo hadithi ingeishia hapo.

Aprili 6, 1909, walipiga kambi mahali ambapo Peary alitangaza kuwa ndipo Ncha ya Kaskazini. Henson aliamini kwamba yeye, akiwa mbele, ndiye aliyefika kwanza. Aliandika kwamba tangu hapo Peary alinyamaza, na safari yote ya kurudi hakusema naye ila kwa shida.

Je, walifika kweli? Baada ya Bartlett kurudi, hapakuwa na mtu mwingine aliyepima jua ili kuthibitisha hesabu za Peary, na mwendo aliodai kwenda siku za mwisho umewatia shaka wataalamu wengi. Wapo wanaoamini waliishia kilomita kadhaa kabla ya kufika. Mmarekani mwingine, Frederick Cook, alidai kufika mwaka wa 1908, na madai yake yalikataliwa. Kwangu mimi, shaka hiyo inaihusu hesabu ya Peary. Haipunguzi hatua hata moja ya yule aliyefungua njia.

Peary alieleza baadaye kwamba alimchagua Henson kwa sababu ndiye aliyekuwa bora zaidi kwa sleji na mbwa. Lakini aliandika pia kwamba Henson hangeweza kuongoza msafara peke yake hadi nchi kavu, na akaifanya rangi yake kuwa sehemu ya sababu. Mtu huyo huyo ndiye aliyeokoa safari zake kwa miaka 18.

Sasa nawageukia nyinyi mliorejea. Peary alipandishwa cheo na Bunge la Marekani mwaka wa 1911 kuwa admirali mwenye pensheni. Henson alirejea New York akapata kazi katika gereji ya magari huko Brooklyn. Miswada ya kumpa pensheni ilipelekwa bungeni zaidi ya mara moja bila kupita.

Mwaka wa 1913, kwa agizo la Rais William Taft, alipewa kazi katika ofisi ya forodha ya New York. Wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Katuna, wanaojua kupanga foleni na makaratasi mkononi, wafikirie hili: kwa zaidi ya miaka 20, kati ya watu waliokuwa wakizunguka na mafaili katika ofisi hiyo alikuwamo msafiri wa Ncha ya Kaskazini. Alistaafu mwaka wa 1936.

Kuna mzigo mwingine ambao waliokwenda kyeyo wanaufahamu. Huko Greenland, Henson aliacha mtoto wa kiume, Anauakaq, aliyezaliwa mwaka wa 1906 na mama wa Kiinuit aitwaye Akatingwah. Hakuwahi kurudi kumwona baada ya 1909. Kwa ndoa yake Marekani na Lucy Ross, aliyemuoa mwaka wa 1907, hakujaliwa mtoto.

Heshima ilikuja polepole, kama malipo ya mdaiwa asiyetaka kulipa. Mwaka wa 1937 chama cha wasafiri cha Explorers Club mjini New York kilimpokea kuwa mwanachama. Mwaka wa 1944 Bunge lilitoa medali kwa watu wa msafara wa 1909, naye akiwamo. Mwaka wa 1954 Rais Dwight Eisenhower alimpokea Ikulu. Alifariki Machi 9, 1955, akiwa na umri wa miaka 88, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, New York.

Miaka 31 baadaye, profesa wa Harvard aitwaye Allen Counter alimpata Anauakaq huko Greenland, akiwa mzee wa miaka 80. Mwaka wa 1987 alimpeleka Marekani kuwaona jamaa zake na kulizuru kaburi la baba yake. Mzee huyo alifariki muda mfupi baada ya safari hiyo. Aprili 6, 1988, mabaki ya Henson na mkewe Lucy yalihamishwa hadi makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na kaburi la Peary. Mwaka wa 2021 bonde moja karibu na ncha ya kusini ya Mwezi lilipewa jina lake.

Mwanafunzi wake naye hakukaa bure. Mwaka wa 1921 MacMillan alizindua merikebu aliyoiita Bowdoin, na kwa miaka zaidi ya 30 akaitumia kwenda kaskazini, mara nyingi wanafunzi wakiwa ndio mabaharia wake. Mwaka wa 1988 merikebu hiyo ilikabidhiwa chuo cha ubaharia cha Maine ili iendelee kuwafunza vijana. Safari za masomo za Aktiki zina mizizi katika darasa lile la gizani la Cape Sheridan.

Wanaopita mezani kwangu na makoti yao ya kuuza, wengi wana mambo makubwa waliyoyafanya ng'ambo ambayo hakuna karatasi inayoyataja. Henson aliandika yake. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1912, kikauzwa kidogo, kikasahaulika. Lakini watu walipoanza kuuliza ni nani aliyeunda zile sleji na nani aliyetangulia mbele, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa na mkono wa aliyekuwapo. Kwa hivyo ndugu yangu, ukiliuza koti, daftari usiliuze.